Gari Lililoshika Sabato

Lau gari lingekataa kila siku, watu wangelizoea. Wangeliita bovu, wangeliacha kuku watagie ndani, basi. Taabu ya gari la marehemu Mwalimu Joash Ratemo ilikuwa kwamba halikukataa kila siku. Jumatatu liliamka kwa stata moja, likapanda vilima vya Manga na mikungu ya ndizi mgongoni bila hata kukohoa. Jumatano vivyo hivyo. Halafu asubuhi moja, bila kuugua wala kuaga, linazunguka tu, linazunguka tu, kama mtu anayetafuna asimeze. Ukiliacha mpaka jua la saa sita, linawaka kana kwamba asubuhi hakukutokea neno.

Majirani Wakatoliki wa ng'ambo ya kijito walikuwa na mzaha wao. "Gari la Msabato linashika Sabato," walisema, maana walikuwa wameliona mara mbili tatu likikataa Jumamosi, na familia ya Mwalimu ikienda kanisani kwa miguu, viatu mkononi. Huo ulikuwa mzaha wa kabla ya msiba. Baada ya msiba hakuna aliyeurudia mbele ya mjane wake, Esnah.

Msiba wenyewe ulikuwa hivi. Sabato moja ya mwezi wa pili, mwaka wa sitini na nane, Mwalimu aliamka alfajiri ameshika tumbo upande wa kulia, jasho limemlowesha, hawezi kunyoosha mguu. Esnah akatuma mtu amwite dereva, Mogire, aliyekuwa amepanga chumba karibu na soko. Mogire akaja mbio, shati halijafungwa. Akapiga stata, gari likazunguka, halikushika. Akachomeka handeli kwa mbele, akaizungusha kwa mkono mpaka kiganja kikachubuka. Petroli ilikuwapo, betri ilikuwa na nguvu. Wanaume wakalisukuma kwenye mteremko wa shule, likashuka kimya mpaka chini, likasimama darajani kama ng'ombe aliyegoma. Ndipo wakakata miti miwili, wakafunga blanketi katikati, wakambeba Mwalimu mabegani kuelekea hospitali ya Kisii. Alikata roho kabla hawajaiona lami.

Saa sita mchana, maiti ikiwa imekwisha kurudishwa nyumbani, Mogire alishuka darajani akajaribu tena, kwa sababu tu hakujua mikono yake aiweke wapi. Gari likawaka mara moja. Akalipandisha mpaka uani likinguruma, na kila aliyekuwa akilia akanyamaza akalitazama.

Hapo ndipo Mogire alipokwisha.

"Gari linamkataa mtu akiwa hai, linawaka akiwa amekufa?" aliuliza Nyamweya, mdogo wake Mwalimu. "Gari lina macho?"

Mogire hakuwa mtu wa ukoo huo. Alikuwa mtu wa Nyaramba, na juma lililotangulia alikuwa amejibizana na Mwalimu mbele ya watu kwa sababu ya kunyimwa ruhusa ya kwenda kumzika shangazi yake. Watu walilikumbuka hilo. Baada ya mazishi ukoo ulikaa, Nyamweya akamgeukia Esnah.

"Mama Bitutu, wewe ulikuwa nyumbani Ijumaa. Mogire alilileta gari saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Na baada yake, nani mwingine aliligusa?"

Esnah alifikiri. Alikuwa mwanamke wa kufikiri kabla ya kusema. Darasa la nne alilofika lilimfunza kusoma, na maisha yalimfunza kutazama. Akajibu, "Hakuna aliyeligusa baada ya Mogire."

Neno hilo ndilo lililomaliza kesi. Vijana wa ukoo walikitoa kitanda cha Mogire barabarani, wakakikata kwa panga. Yeye mwenyewe alirudi Nyaramba na jeraha juu ya jicho, na tangu siku hiyo hakuna mtu, wa huku wala wa kule, aliyemkabidhi usukani.

Gari likabaki. Nyamweya, aliyejua kuendesha kidogo, akawa ndiye anayelichukua: siku za kazi abebe ndizi, Sabato awapeleke wazee kanisani. Nalo likaendelea na tabia yake. Mara ya kwanza lilipokataa mikononi mwake, Nyamweya alilizunguka akilitazama magurudumu.

"Dawa ya Mogire bado imo humu," alisema.

Esnah aliingia ndani. Akachukua penseli akatia alama ya msalaba kwenye lesoni yake, kile kijitabu cha masomo ya shule ya Sabato, palipoandikwa tarehe. Kufikia mwezi wa saba alikuwa na misalaba mitano, na yote mitano ilikuwa Sabato. Akakaa akiitazama. Kama Mogire aliliharibu gari siku ile moja kwa chuki, mbona linaendelea kuharibika na kupona bila yeye? Na kama si Mogire? Habari zilimfikia kwamba siku hizi anaponda kokoto kando ya barabara Nyaramba, kwamba mke wake amerudi kwao, na kwamba watoto wakimpita huiga mlio wa gari lililokataa kuwaka. Ikiwa mtu huyo hakufanya lolote, basi kilichomweka pale ni neno moja, na neno hilo lilitoka kinywani mwake Esnah. Alitaka kujua. Usingizi ulimwisha kwa kutaka kujua.

Nyamongo alikuwa fundi wa Kisii mjini, mtu mfupi mwenye mzaha mrefu, aliyejifunza kazi kwa Mhindi mmoja. Alikuja Manga Jumapili mbili mfululizo kwa baiskeli. Mara zote mbili gari liliwaka kabla hajavua koti.

"Mama, mgonjwa wako akimwona daktari anapona," alisema Jumapili ya pili. "Mimi nitibu nini? Niite siku amelala kitandani."

"Huwa analala Sabato."

"Basi nitakuja Jumamosi."

"Kwangu hapafanywi kazi siku hiyo, fundi."

"Basi akae na ugonjwa wake. Mimi nimekosa misa mara mbili kwa ajili yako, na padre ameanza kuuliza kama nimehamia kwenu."

Esnah hakucheka. Alisimama ameshika mlango wa gari. Alijua kwamba ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato huvutwa; hata mchungaji alilisema hilo. Lakini gari halikuwa shimoni. Aliyekuwa shimoni ni Mogire, kama hakuwa na kosa. Na kama alikuwa na kosa, basi yeye Esnah angekuwa ameivunja Sabato bure, na mbele ya Mkatoliki.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Saa moja asubuhi."

"Na mambo yote yawe kama Ijumaa zote," Nyamongo alimwonya. "Usibadilishe hata kidogo. Ugonjwa wa kuja na kwenda hauvuliwi kwa kubadilisha chambo."

Basi Ijumaa hiyo Esnah alifanya kama Ijumaa zote. Nyamweya alileta gari alasiri, akaenda zake. Esnah alipika chakula cha kesho, akachota maji, akapasua kuni, akapaka viatu rangi, akapiga nguo pasi, kila kitu kikimbizwe kabla jua halijazama, maana jua la Ijumaa halingoji mtu. Mwishoni akaliosha gari. Mwalimu alipenda liende nyumba ya Mungu likiwa safi kama viatu vyake. Na tangu makambi ya kanisa ya mwaka uliopita, mhubiri mgeni alipowauliza wanawake kama mtu hupangusa mlango na kuacha jiko na masizi, Esnah alikuwa akilifungua boneti pia. Alimwaga ndani maji ya sabuni, kibuyu baada ya kibuyu, mpaka mafuta yote yakatoka na vyuma vikang'aa. Mwalimu alimkuta siku ya kwanza, akacheka hadi akakaa chini. "Mke wangu anabatiza injini," alisema, na akamwacha. Sasa Mwalimu alikuwa kaburini, na Esnah hakuona jinsi ya kumheshimu iliyo bora kuliko hii. Alipofunga boneti jua lilikuwa limegusa kilima. Ukungu ulishuka mapema.

Nyamongo alifika wakati wengine wanateremka kwenda kanisani. Walimwona, wakamwona na Esnah amesimama uani bila kilemba cha ibada, wakapita wakiangalia njia.

Fundi akapiga stata. Likazunguka, likazunguka.

"Haya," alisema, akafurahi kama mwindaji. "Leo yupo kitandani."

Akafungua boneti. Alichomoa waya wa plagi moja, akauweka karibu na chuma, akamwomba Esnah aguse stata. "Umeona cheche?"

"Sijaona."

"Hata mimi. Petroli anayo, nguvu anazo, moto hana." Akainama zaidi. Akagusa chuma kwa kidole, akakitazama kidole. "Mama, jana gari hili lilifanywa nini?"

"Halikufanywa kitu. Liliwekwa hapa tu."

"Hakuna aliyeligusa?"

"Hakuna. Liliwekwa hapa, nikaliosha, basi."

Nyamongo alifungua vibanio viwili, akatoa kile kikombe cheusi kinachogawa moto kwa plagi, ambacho mafundi hukiita distributa. Akakigeuza. Ndani yake matone ya maji yalikuwa yamekaa kama umande kwenye jani la nduma. Akamsogezea Esnah, akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi mstari mwembamba kama unywele, uliokwenda kutoka upande hadi upande.

"Huu ni ufa. Kikiwa kikavu, moto unaruka vizuri, hata wewe hujui kuna ufa. Maji yakiingia, moto unapotelea hapo. Jua likiwaka, maji yanakauka, gari linaamka na kukuuliza mbona umenuna." Akacheka. "Sasa niambie, ni nani huyo anayeosha gari kwa ndani?"

"Ni mimi."

"Wewe? Ni nani aliyekudanganya kwamba injini ni sufuria, mama?"

Kicheko kilimwishia mdomoni. Mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa amekaa chini, pale pale kwenye nyasi zenye umande, na nguo yake safi ya Sabato.

"Fundi," alisema Esnah. "Siku likikataa hivi, mtu anayejua angefanya nini?"

"Angepangusa."

"Tu?"

"Tu. Kitambaa kikavu."

"Kwa muda gani?"

Nyamongo hakuwa mtu wa Manga, lakini habari ya Mwalimu aliyebebwa kwa blanketi ilikuwa imefika hadi gereji za mjini. Alilielewa swali pale pale, na akatamani awe hajalielewa.

"Mama, watu wengi hawajui. Hata madereva. Huyo wenu, kama hakuambiwa kuna maji ndani, angejuaje? Mimi mwenyewe nimekuja mara mbili."

"Kwa muda gani, fundi?"

"Dakika tano," alisema.

Esnah alivua kitambaa alichojifunga kiunoni akampa. Nyamongo alipangusa, akafunga vibanio, akagusa stata. Gari likawaka mara ya kwanza, likatulia likinguruma vizuri, na Esnah akaketi akilisikiliza mpaka fundi alipolizima mwenyewe.

Hakulia siku hiyo. Alikuwa akitazama jambo moja kila upande. Ijumaa ile ya mwezi wa pili alikuwa amechelewa kwa sababu ya kukoboa mahindi. Aliliosha gari jua likizama, kama jana. Aliulizwa nani aliligusa baada ya Mogire, akajibu hakuna. Hakudanganya. Hakuihesabu mikono yake mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa ikifanya mema.

Jumapili aliwaita. Wakaja Nyamweya na ndugu wawili wa ukoo, na mzee Ongeri wa kanisa, mtu mpole aliyemzika Mwalimu. Esnah aliwapa chai, akasimama, akawaambia yote: maji, ufa, dakika tano. Hakupunguza. Alipomaliza alisema, "Mogire hakuwa na kosa. Nataka ukoo uende Nyaramba ukamwambie, na kanisa liseme."

Walikunywa chai. Nyamweya alikuwa wa kwanza kuweka kikombe chini.

"Mama Bitutu, huzuni inasema mengi. Mtu akifiwa hujitafutia kosa hata kwenye chumvi ya mboga."

"Shemeji, fundi yupo. Kile kikombe kipo. Twende uani nimwage maji uone."

"Sitaki kuona." Alisema bila hasira. "Tukisema Mogire hakufanya, sisi tuliomkatia kitanda tutakuwa nani? Vijana wangu ndio waliompiga. Unataka niende Nyaramba nikawaambie watu wa kule, samahani, ni shemeji yangu alikuwa anafua gari? Watatucheka mpaka wajukuu. Kisha kijiji kitaanza na wewe. Kitasema wewe ndiwe uliyeua. Nakukinga, nawe huoni."

"Sikuomba kukingwa."

"Mwanamke haombi. Hukingwa tu."

Mmoja wa wale ndugu alicheka kidogo puani. Esnah akamgeukia mzee wa kanisa.

"Mzee Ongeri."

Ongeri alikuwa akizungusha kofia magotini. "Dada yetu, fundi huyo alifanya kazi siku gani?"

"Sabato."

"Hapa uani?"

"Hapa uani. Nami niligusa stata kwa mkono wangu, nikampa kitambaa."

"Watu walikuona."

"Najua waliniona. Mzee, nimekuambia nilimuua mume wangu bila kujua, na kwa kinywa changu mtu mwingine ameharibikiwa. Unaniuliza siku?"

"Jambo la Mogire ni la ukoo," alisema Ongeri taratibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia kweli. "Kanisa haliwezi kuingia. Hili la Sabato ndilo letu, na halina njia mbili. Jina lako litasomwa. Kwa miezi mitatu hutaongoza maombi ya akina mama, wala makambini hutasimama. Ni kwa ajili ya roho yako."

Aliomba sala ya kufunga. Aliomba kwa ajili ya marehemu, kwa ajili ya mjane, kwa ajili ya mvua. Kwa ajili ya Mogire hakuomba, na Esnah, aliyekuwa amefumba macho, alisikia mahali ambapo jina lile lingekaa, sala ikiruka.

Siku ya soko alipanda basi hadi Nyaramba. Hakuvaa vizuri wala vibaya. Aliuliza mara moja tu, akaonyeshwa: kando ya barabara, chini ya kipande cha bati, mtu ameketi na nyundo, chungu ya kokoto mbele yake. Kovu juu ya jicho lilikuwa limevuta kope upande mmoja, akaonekana kama mtu anayekonyeza.

"Mogire."

Aliinua macho, akamtambua, nyundo ikabaki hewani kidogo. "Mong'ina," alisema. Neno hilo la heshima kwa mama lilimtoka kwa mazoea, kama kikohozi.

Esnah hakuomba kiti, wala hakikuwapo. Alisimama juani akamweleza. Mogire alisikiliza bila kumkatiza. Aliuliza jambo moja tu.

"Ndani ya distributa?"

"Ndiyo."

"Niliigusa kwa nje," alisema Mogire. "Asubuhi ile. Nilipitisha mkono pale pale, nikaona kuna unyevu, nikadhani ni ukungu tu." Akatazama kiganja chake. "Miezi sita nimekuwa nikilifungua gari lile kichwani mwangu, chuma kwa chuma. Pale sikufungua."

"Kosa si lako. Hukujua kuna maji."

"Ulinijua miaka mitatu, mong'ina. Nilikula kwako. Walipokuuliza, hukusema hata kwamba mimi si mtu wa namna hiyo."

"Sikusema."

"Na wazee? Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

Alitaka kumpa kitu, hata kidogo. Hakikuwapo. "Watasoma jina langu kanisani kwa kuvunja Sabato."

Mogire alitoa sauti iliyokuwa karibu na kicheko. Akachukua jiwe jingine, akaliweka juu ya jiwe kubwa. "Basi rudi nyumbani. Umeniambia mimi, na mimi nilikuwa najua kwamba sikufanya. Wasiojua ndio hawa wanaopita."

Akapiga nyundo.

Esnah hakurudi. Barabarani alikuwa anakuja mwanamke wa makamo na kikapu cha viazi vitamu kichwani. Esnah alimzuia kwa mkono.

"Dada, unamjua mtu huyu?"

Mwanamke aliangalia chini ya bati, akapunguza sauti. "Si yule dereva? Aliyemuua mwalimu fulani huko Manga."

"Mwalimu yule alikuwa mume wangu. Simama unisikie."

Mwanamke alisimama bila kutua kikapu. Esnah alianza na Ijumaa, na vibuyu vya maji, akamaliza na kitambaa. Mwenzake alisikiliza shingo ikiwa imenyooka chini ya mzigo, akamtazama kutoka miguuni mpaka usoni.

"Kwa hiyo ni wewe uliyemuua," alisema.

"Ndiyo," alisema Esnah. "Kawaambie sokoni."

Mwanamke akaenda. Hakugeuka. Nyuma ya Esnah nyundo iliendelea kupiga, haikuharakisha wala haikupunguza, naye akageukia barabara kumngoja anayefuata.